Kopo la Krismasi: zawadi ya nyumba nzima

Desemba 2013 jarida la udaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa kwa kificho. Watafiti waliweka maboksi ya chokoleti mchanganyiko katika wodi nne za hospitali tatu, kisha wakajifanya wana shughuli nyingine huku wakihesabu kila kipande kilichotoweka. Kwa wastani boksi lilifunguliwa baada ya dakika 12. Kipande kimoja, kwa kipimo cha kati, kiliishi dakika 51. Wauguzi na wahudumu wasaidizi ndio waliokula zaidi. Madaktari walifuata kwa mbali.

Ulikuwa mzaha, maana toleo la Krismasi la jarida hilo lina desturi ya kutania kwa vipimo halisi vya kisayansi. Lakini hakuna Mwingereza aliyehitaji kuelezwa maboksi yale yalitafuta nini wodini. Miezi ya mwisho wa mwaka huwa yametapakaa: mapokezi ya ofisi, chumba cha walimu, nyumba za kulelea wazee, na zaidi ya kote sebuleni. Waswahili wengi waliokwenda kufanya kazi za uuguzi na za kulea wazee huko wamelifahamu boksi hili kazini kabla hawajaalikwa na mtu yeyote kula naye Krismasi. Ndugu wa mgonjwa hufika nalo, hulitua mezani, hushukuru na kuondoka. Hatafuti wa kumkabidhi. Yeyote aliye zamu amepewa.

Na hapo ndipo ilipo nguvu ya zawadi hii. Chokoleti mchanganyiko haipewi mtu, hupewa mahali penye watu. Ni zawadi ya nyumba. Ndiyo maana familia za Uingereza zimeing'ang'ania kwa karibu karne moja, na ndiyo maana kila kiwanda kinapothubutu kubadilisha kitu ndani yake, watu huja juu kana kwamba mtu ameingia sebuleni kwao na kuhamisha viti bila kuomba ruhusa.

Zamani lilikuwa boksi la wenye nacho

Haikuanza hivyo. Katikati ya karne ya 19 chokoleti ya kutafuna ilikuwa kitu kipya na cha gharama. Watengenezaji wakubwa wa Uingereza, Cadbury wa Birmingham, Fry wa Bristol na Rowntree wa York, walikuwa familia za madhehebu ya Quaker, yale ambayo leo yana waumini wengi magharibi ya Kenya. Quaker walipiga vita ulevi, na kakao ya kunywa ilionekana kwao biashara halali ya kumpa mfanyakazi kitu cha moto badala ya pombe.

Mwaka 1868 Richard Cadbury akaona kwamba chokoleti inaweza pia kuuzwa kwa macho. Alitoa maboksi yenye picha nzuri kwenye kifuniko, mengine akiyachora mwenyewe, na wateja wakayahifadhi kwa kuwekea barua na vito baada ya kumaliza kilichokuwemo. Lilikuwa boksi la mwanamume mwenye uwezo kumpelekea mwanamke anayemposa. Mpaji ni mmoja na mpokeaji ni mmoja.

Hatua ya kuelekea kwa watu wa kawaida ilitoka mahali pasipotarajiwa, vitani. Mwishoni mwa mwaka 1899 Malkia Victoria aliagiza kopo la bati lenye nusu ratili ya chokoleti kwa kila askari wake aliyekuwa akipigana na Makaburu Afrika Kusini, liwe salamu yake ya Mwaka Mpya wa 1900. Agizo liliwaweka Quaker njia panda, kwa sababu imani yao inakataa vita na hawakutaka kuchuma faida kutokana na vita. Kampuni tatu zile zilishirikiana kuifanya kazi hiyo, na mwanzo zilitaka makopo yasiwe na majina yao. Askari wengi hawakuthubutu kumaliza chokoleti ya Malkia. Wengine waliituma kwao kama ilivyo. Mwaka 2021, katika jumba la Oxburgh mashariki ya Uingereza, kopo moja lilikutwa na bapa lake likiwa zima baada ya miaka 121.

Miaka iliyofuata kopo la Malkia, wenzao wa ng'ambo walikuwa wakitatua tatizo jingine: namna ya kuchanganya ladha nyingi bila kumchanganya mlaji. Huko Brussels Jean Neuhaus alitoa mwaka 1912 chokoleti yenye ganda gumu na kitu laini ndani, na mwaka 1915 mkewe, Louise Agostini, akabuni boksi la karatasi ngumu ili chokoleti hizo zisipondane kama zilivyokuwa zikipondana kwenye vifuko. Mwaka huohuo wa 1912 kampuni ya Whitman's ya Philadelphia ilitoa boksi ambalo ndani ya kifuniko chake palikuwa na ramani: kila kipande na jina lake mahali kilipo. Mlaji sasa angeweza kuchagua kabla ya kung'ata.

Halifax, mwaka 1936

Kopo ambalo leo Mwingereza huliona akisikia neno Krismasi lilizaliwa Halifax, mji wa viwanda vya nguo huko Yorkshire. Mwaka 1890 vijana wawili waliokuwa wameoana karibuni, John na Violet Mackintosh, walifungua duka la keki. Violet alikuwa amejifunza kazi ya peremende, na ndiye aliyepika kilicholipa duka umaarufu: tofi iliyochanganya ugumu wa ile ya Kiingereza na ulaini wa karameli ya Kimarekani. John aliiuza kwa kelele nyingi mpaka akajiita Mfalme wa Tofi. Alipofariki mwaka 1920, biashara ilishikwa na mwanawe Harold.

Miaka ya 1930 ilikuwa ya ukata na watu wengi hawakuwa na kazi. Chokoleti za boksi zilikuwepo madukani, lakini zilikuwa na viungo ghali na kila kipande kiliwekwa kwenye kitanda chake ndani ya boksi la kujionyesha. Harold Mackintosh aliangalia alichokuwa nacho tayari, yaani tofi, akaifunika kwa chokoleti kwa njia mbalimbali. Kisha akafanya uamuzi uliobadilisha kila kitu: badala ya kupanga vipande, alivitia ovyo kwenye kopo la bati, kila kimoja kikiwa kimesokotwa kwenye karatasi yake yenye rangi. Mashine ya kusokota karatasi hizo ilifanya kazi ambayo awali ingehitaji mikono mingi, na gharama ikashuka. Bati nalo lilitunza harufu, ikawa kifuniko kikifunuliwa sebule nzima inajua.

Jina alilitoa kwenye mchezo wa kuigiza wa J. M. Barrie, mwandishi wa Peter Pan: Quality Street. Juu ya kopo akaweka askari na bibie wa zama za vita vya Napoleon, wamevaa kama watu wasiojua shida. Familia ya mfanyakazi wa kiwandani ilipewa nafasi ya kuweka mezani kitu kinachofanana na cha matajiri, kwa bei yake.

Cadbury hawakulala. Mwaka 1938 walijibu kwa Roses, nayo mchanganyiko wa vipande vilivyofungwa kimoja kimoja. Vita vya Pili vya Dunia vikasimamisha karamu. Kuanzia Julai 1942 peremende na chokoleti ziligawiwa Uingereza kwa kadi, na mgao huo haukuondolewa moja kwa moja mpaka Februari 1953, karibu miaka minane baada ya bunduki kunyamaza. Watoto waliokua katika miaka ile ndio waliokuja kuwa wazazi wa miaka ya 1960 na 1970, wazazi ambao kwao kopo lililojaa mpaka juu, ambalo kila mtu anachukua bila kuhesabiwa, halikuwa jambo dogo. Baadaye zilikuja Celebrations za kampuni ya Mars mwaka 1997 na Heroes za Cadbury mwaka 1999. Mackintosh waliungana na Rowntree mwaka 1969, na wote wakanunuliwa na Nestlé ya Uswisi mwaka 1988. Kiwanda bado kiko Halifax, jirani na stesheni ya reli.

Sheria zisizo na maandishi

Kiwanda kilitengeneza kopo. Namna ya kulila ilitungwa na familia zenyewe, na kila nyumba hudhani sheria zake ndizo za nchi nzima.

Ya kwanza ni tarehe ya kufungua. Maduka makubwa huanza kupanga makopo tangu Septemba, bei huwa ya ushindani, na mama mwenye mahesabu hununua mapema akaficha juu ya kabati. Kulifungua kabla ya wakati ni kosa, na wakati wenyewe hutofautiana: kuna nyumba zinazongoja siku ya kupamba mti, nyingine mkesha wa Krismasi, nyingine mchana wa tarehe 25 baada ya bata mzinga, wakati wote wamekaa kusikiliza hotuba ya Mfalme saa tisa alasiri.

Ya pili ni zamu. Kopo hupita mkono kwa mkono, mgeni na watoto wakitangulia. Kutia mkono mpaka chini na kuchakura ni utovu wa adabu, ingawa kila mtu hufanya hivyo mwenzake akigeukia televisheni. Ya tatu inahusu maboksi yaliyopangwa kwa tabaka: la chini haliguswi mpaka la juu liishe, hata kama juu vimebaki vipande visivyopendwa. Na ya nne, ambayo huvunjwa kuliko zote, ni karatasi. Anayekula chokoleti na kurudisha karatasi tupu ndani ya kopo hana tofauti na mtu anayerudisha chupa tupu ya maji kwenye friji. Ajaye baadaye huona rangi anayoitaka, hunyoosha mkono kwa furaha, na kushika hewa.

Mtoto aliyelelewa na sheria hizo hujifunza mambo ambayo hakuna anayemfundisha kwa maneno: kuchagua mbele za watu, kujizuia, na kukumbuka nani anapenda nini. Huachiwa babu ile ya nazi, si kwa sababu ameomba, bali kwa sababu kila mtu anajua.

Upande wa mpaji nao una nafuu yake. Zawadi ya mtu mmoja inadai umjue: saizi yake, rangi anayoipenda, kitabu ambacho hajakisoma. Ukikosea, umemwonyesha kwamba humjui. Sasa mfikirie kijana anayekwenda kwa mara ya kwanza kula Krismasi kwa wazazi wa mchumba wake. Ataijuaje ladha ya mama mkwe? Kopo humwokoa, kwa kuwa ndani yake kila mmoja atapata chake. Kwetu msafiri anayerudi kijijini kwa sikukuu hubeba sukari, majani ya chai na sabuni kwa sababu hiyohiyo: vitu ambavyo havina jina la mtu, vinavyoingia jikoni na kumfikia kila mmoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wapo wanaosema hii ni zawadi ya mvivu, ya aliyekumbuka saa mbili usiku na kuichukua kituo cha mafuta. Ni kweli kwamba haihitaji fikra nyingi kununua. Fikra zake huja baadaye, katika kugawana.

Yule asiyetakiwa

Kila mchanganyiko una kipenzi na una yatima. Katika Quality Street kipenzi ni ile ya karatasi ya zambarau, ambayo zamani ilikuwa na kokwa ya Brazili na sasa ina kokwa ya hazeli ndani ya karameli. Hiyo huisha kwanza. Katika Celebrations yatima ni Bounty, ya nazi, ambayo katika nyumba nyingi hubaki peke yake chini ya kopo mpaka Januari.

Mars waliyajua hayo. Mwaka 2022 walijaribu kwa muda mfupi kuuza katika baadhi ya maduka ya Tesco makopo yasiyo na Bounty hata moja. Magazeti yalishangilia kama habari za uchaguzi, wapenzi wa nazi wakalalamika kwamba wametengwa, na kampuni ikapata matangazo ya bure. Lakini Bounty haikufukuzwa. Miaka sita nyuma, mwaka 2016, Nestlé walikuwa wameonja upande wa pili wa shilingi: waliondoa kwenye Quality Street tofi moja ya zamani, Toffee Deluxe, wakaweka kipande kingine kipya. Watu ambao pengine hawakuwahi kuichagua walikasirika.

Hasira hiyo ina mantiki. Kopo ambalo kila kipande kinapendwa sawa na kila mtu ni mfuko wa pipi tu. Halina zamu, halina ubishi, halina nafasi ya kumwekea mtu chake. Yatima wa kopo karibu kila mara ana mlezi mmoja ndani ya nyumba, shangazi au babu, na kwa mlezi huyo uchache wa washindani ndiyo neema yake. Ukimwondoa yatima, umemnyima shangazi kitu ambacho wengine wote walikuwa wakimwachia.

Kopo linapungua

Siku hizi malalamiko makubwa yanahusu uzito. Bati limeachiwa matoleo machache na nafasi yake kuchukuliwa na ndoo ya plastiki. Ndoo ya Quality Street iliyokuwa na gramu 650 mwaka 2021 ilirudi mwaka uliofuata na gramu 600. Mwaka huohuo wa 2022 kampuni iliondoa karatasi nyingi zinazong'aa na kuweka karatasi za nta zinazoweza kurejelezwa. Mazingira yalinufaika, lakini waliozoea kutazama mwanga wa taa kupitia karatasi ya rangi, mchezo wa watoto wa vizazi vitatu, waliona Krismasi imefifia.

Chanzo cha kupungua hakiko Halifax peke yake. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana, na huko misimu mibaya ya mvua na jua, miti iliyozeeka, pamoja na ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi, vilipunguza mavuno misimu iliyofuatana. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, ilhali kwa miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa ikicheza kati ya dola 2,000 na 3,000. Mtengenezaji ana njia tatu tu: kupandisha bei, kupunguza uzito, au kupunguza kakao na kuongeza vingine. Zote tatu mlaji huziona.

Kutoka Ghuba hadi Kyela

Kopo hili halikukaa Uingereza. Katika nchi za Ghuba, ambako wengi huliita kwa jina la mwanzilishi wake, Mackintosh, limehama kutoka Krismasi na kuingia Idi. Mgeni anapokaribishwa, kopo hufunuliwa pamoja na kahawa na tende. Aliyekuwa mbunge wa Uingereza, George Galloway, aliwahi kusimulia kwamba alipokutana na Saddam Hussein mjini Baghdad mwaka 2002, kiongozi huyo alimkaribisha kwa Quality Street. Limo pia katika mizigo ya ndugu watokao Maskati kwenda Unguja na Mombasa, na likishamalizwa hugeuzwa chombo cha kuwekea sindano, nyuzi na vifungo. Sikukuu imebadilika na dini imebadilika, lakini matumizi ni yaleyale: kitu cha nyumba, kwa yeyote atakayeingia.

Upande wa shambani tunao watu wetu. Kokoa, kama wenyewe wanavyoiita, hulimwa Kyela na Rungwe mkoani Mbeya, Kilombero mkoani Morogoro, Bundibugyo nchini Uganda chini ya milima ya Rwenzori, na Beni nchini Kongo. Kyela huuza kwa minada ya stakabadhi ghalani, na bei ya dunia ilipopaa wakulima waliiona tofauti mifukoni. Hata hivyo sehemu kubwa ya punje huondoka zikiwa kavu ndani ya magunia, na hurudi, kama zinarudi, zikiwa zimevaa karatasi za rangi.

Wapo Watanzania na Waganda wanaotengeneza chokoleti nzuri kwa kakao ya hapahapa. Mwenye mtaji anayetaka kuwafuata angefanya vema kuisoma hesabu ya Harold Mackintosh. Hakushindana na boksi la kifahari. Alichukua malighafi iliyokuwa karibu naye na rahisi, akaitia katika chombo kisichomwaibisha mnunuzi, akaipanga bei mtu wa mshahara mdogo aiweze mara moja kwa mwaka, na akamlenga mteja mmoja tu: sebule yenye watu wengi. Huku malighafi hatukosi. Kuna korosho za Mtwara, kahawa ya Kagera, iliki, tangawizi, karafuu, nazi, ukwaju. Soko nalo lipo, kwani Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa watu wanaotafuta kitu cha kupeleka nyumbani, na baada ya Ramadhani watu hutembeleana nyumba kwa nyumba.

Atakayethubutu asikosee jambo moja. Asifanye utafiti wa soko na kuondoa ladha iliyoshika mkia. Aiache humo, hata kama ni ya ukwaju na watoto wote wanaikunjia uso. Kuna shangazi mahali atakayeisubiri mwaka mzima.